Siku Ambayo Haikuandikwa Kichwani

4 Februari

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Goti linamsumbua asubuhi, lakini likishapata joto anazunguka uani kama msichana. Shemeji yako amevua ule mkanda wa mgongo na amerudi kazini. Binti yangu ameota meno ya mbele, na jambo la kwanza alilofanya nayo ni kuniuma. Mimi niko kwenye cherehani kutwa. Shule zimefunguliwa na kila mzazi amekumbuka sare siku moja.

Hayo ndiyo ya nyumbani. Sasa kaa vizuri, maana nimeshika kalamu nikiwa na hasira na sina nia ya kuipunguza.

Barua yako ya mwezi uliopita umeimalizia hivi: "Mpe Mjomba salamu nyingi, mwambie nikija tutaifungua tena redio yake." Mjomba tulimzika Novemba. Nilikuandikia. Ukanijibu! Jibu lako ninalo hapa, umeandika kwa mkono wako kwamba umelia, kwamba yeye ndiye aliyekufundisha kushika bisibisi. Na safari hii nilikuwa nasoma kwa sauti, mama anasikiliza huku anachambua mchele, nikazifikia hizo salamu kabla macho hayajanionya. Aliweka ungo chini, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Na si hilo tu. Umeniuliza jina la mtoto wa jirani mara mbili. Umenisimulia kisa cha yule mama aliyekwama kwenye lifti na kuku wake, na mwezi uliofuata ukanisimulia tena, neno kwa neno, kama habari mpya.

Naandika kwa sababu simu hainifai kitu. Kwenye simu unanicheka, unaniita "bosi wangu", na ukishakata hukumbuki tulichosema. Karatasi itabaki mezani kwako hata usipotaka kuiona.

Swali langu ni moja, nalo nataka jibu lisilo na kona. Bado unavuta bangi?

Dada yako


27 Februari

Dada yangu, bosi wangu,

Mimi mzima, chai naipata, kazi ipo. Mwambie mama goti alifunge kitambaa cha joto. Binti yako aniachie nafasi, nikija aniume na mimi.

Lile la Mjomba, nisamehe. Ni mazoea ya mkono tu. Miaka yote namalizia barua na salamu zake, kalamu ikakimbia kabla ya akili. Ingemtokea mtu yeyote. Mwombe mama radhi.

Kuhusu hilo swali lako: ndiyo, navuta, tena sikufichi. Jioni msokoto mmoja, siku ngumu miwili. Hayo ni majani, dada. Hayajaniangusha barabarani, hayajanifanya nipigane na mtu. Nenda kwenye baa ya mtaani kwenu uone pombe inavyowafanya watu, halafu uniambie ni nani wa kuandikiwa barua za hasira. Mimi nafanya kazi ndani ya mashimo ya lifti, giza na grisi, juu kuna mzigo wa tani unaning'inia. Nikirudi mgongo unawaka na usingizi hauji. Nikivuta, unakuja. Basi. Wewe kazi yako umekaa kwenye kiti na sindano.

Kwa sasa niko kwenye likizo fupi. Ofisi imetupumzisha baada ya Mrefu kuumia mkono. Mrefu ni mwenzangu, tunafanya kazi wawiliwawili, nadhani niliwahi kukutajia. Uzembe wake mwenyewe. Mimi nilikuwa chini kabisa, mlangoni, nazuia watu wasiingie. Usije ukamwambia mama, atakosa raha bure.

Na tafadhali, ukiniandikia tena uniandikie kama dada. Polisi ninao wa kutosha huku.

Mdogo wako


20 Machi

Mdogo wangu,

Mama amefunga kitambaa, anasema kinamwasha. Shemeji yako anakusalimu. Mvua imeingia kwenye chumba cha nyuma na tumehamisha vitambaa vyote sebuleni, tunakula tumekaa juu ya marobota.

Nimekwenda kumwona daktari. Yule anayetibu magonjwa ya ubongo, mimi humshonea makoti yake. Nilimpelekea koti, nikamwambia nina mdogo wangu, nikaeleza yote, salamu za marehemu na kuku wa kwenye lifti. Sikutaja jina lako, kwa hiyo usianze kupiga kelele.

Hakucheka. Aliniambia kuna sehemu ndogo ndani ya ubongo, moja kila upande, karibu na usawa wa masikio, na kazi yake ni kupokea kinachotokea leo na kukihifadhi ili kesho ukikute. Imejaa vipokezi, kama vitasa vya milango. Mwili una kemikali zake za kufungulia vitasa hivyo. Ile kemikali ya bangi inayolewesha inafanana nazo. Inaingia humo humo na kuvuruga kazi. Ndiyo maana mtu aliyevuta, ya zamani anayo, atakuimbia nyimbo zote za shule, lakini la sasa hivi linampita.

Nikamwambia, "Basi anasahau haraka." Akasema, "Hapana mama. Mara nyingi hata hajasahau. Hakuliweka tangu mwanzo. Utatafutaje kabatini kitu ambacho hakikuingia?"

Nilimwuliza kama ukilala ukaamka inakuwa imeisha. Kwa anayevuta siku moja moja, akasema, huisha. Kwa anayevuta kila siku, ukungu unabaki hata asubuhi ambayo hajavuta. Akaniuliza ulianza lini. Nikasema ukiwa na miaka kumi na mitano, nyuma ya uwanja wa mpira. Hapo akaweka koti mezani. Anasema umri ule ubongo bado unajengwa, na unaendelea kujengwa hadi mtu anapita miaka ishirini na kitu. Ukiacha, wengi hurudiwa na kumbukumbu kwa kiasi kikubwa baada ya wiki kadhaa. Kwa walioanza wadogo kama wewe, tafiti hazijakubaliana, na hakutaka kuniahidi kitu.

Sasa nirudi kwa Mrefu. Umemtia ndani ya barua kama mtu anayepitisha mzigo wa magendo, sentensi mbili halafu ukakimbilia mama. Aliumia vipi? Ameumia kiasi gani? Na ofisi gani inayompumzisha fundi ambaye hakuhusika? Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Niambie.

Dada yako


11 Mei

Dada,

Hatujambo huku. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikuwa na hamu ya kujibu.

Nani alikutuma kunipeleka kwa daktari bila mimi mwenyewe kuwepo? Umeniweka kwenye meza yake kama koti lenye kifungo kilichokatika. Huyo daktari hajaniona. Hajui kwamba naweza kukutajia nyaya zote za ubao wa umeme wa lifti nikiwa nimefumba macho. Mtu mwenye ubongo mbovu anaweza hilo?

Umetaka kujua ya Mrefu, haya. Tulikuwa tunatia grisi lifti ya jengo la ghorofa nyingi. Mmoja anapanda juu ya mgongo wa lifti, mwingine anazima swichi kuu kwenye chumba cha mashine na kuitia kufuli yake, ili mtu yeyote asiiwashe mwenzake akiwa shimoni. Nilizima. Nilitia kufuli. Nakumbuka vizuri. Nilikuwa bado juu, kwenye chumba cha mashine, nilipomsikia anapiga kelele. Alichomeka mkono kati ya kamba ya chuma na gurudumu lake. Vidole vitatu vya kulia vimesagika. Yeye ndiye aliyechokonoa kitu huko, sijui nini. Wakubwa wametuuliza, nikawaeleza, wameridhika. Nimesharudi kazini.

Nimemaliza. Usiniulize tena.

Mdogo wako


2 Juni

Mdogo wangu,

Mama mzima. Wengine wazima. Leo sina salamu nyingine.

Mke wa Mrefu amenipigia simu. Namba yangu aliipata kwa mumewe. Kumbe wewe mwenyewe ulimpa zamani, ukamwambia likikupata jambo nitafutwe mimi. Aliongea taratibu, na afadhali angenitukana. Anasema mumewe hawezi kushika kijiko kwa mkono wa kulia. Anasema ofisi imemfukuza kwa uzembe na imekataa kumtibu, kwa sababu fundi mkubwa, yaani wewe, ulisimama mbele ya watu ukasema swichi ilifungwa. Na anasema kufuli yako ilikuwa mfukoni mwako. Mrefu aliisikia ikigonga funguo zako ulipoinama kumfunga mkono kwa shati.

Nilimwambia hapana, mdogo wangu hawezi. Nikakata simu nikaenda kuchukua barua zako ili nijipe moyo.

Februari umeniandikia ulikuwa chini, mlangoni, unazuia watu. Mei umeniandikia ulikuwa juu, kwenye chumba cha mashine. Jengo la ghorofa nyingi, mdogo wangu! Ulikuwa wapi? Au una mabawa?

Nilikaa sakafuni. Na jambo linalonichoma ni kwamba sidhani umenidanganya kwa makusudi. Mwongo angekuwa mwangalifu. Wewe hujui ulikuwa wapi. Bila shaka ulivuta mchana ule kabla ya kazi, siku haikuingia kichwani, na ulipoulizwa ukaokota kipande kutoka siku nyingine, siku zote zile ulizofunga kweli, ukakibandika hapo. Labda hata wewe unakiamini. Lakini kuna mtu amepoteza mkono na jina kwa ajili ya kumbukumbu ambayo huna!

Umekuwa hodari wa kusema "nakumbuka vizuri". Nenda kwa wakubwa wako ukaseme neno jingine. Sema hukumbuki. Sema ulikuwa umevuta. Wakikufukuza, wakufukuze. Wakikupeleka mahakamani, nitakuja nikae kwenye benchi la nyuma na nitakuletea chakula gerezani, lakini nitakuwa upande wa yule mwanamke.

Mpaka utakapofanya hivyo usiniandikie. Barua yako ikija kabla, nitaitumia kukatia mitindo ya sare.

Dada yako


30 Septemba

Dada,

Nafungua na salamu kwa mama na kwa wote, na kama barua hii umeanza kuikata, simamisha mkasi kidogo.

Barua yako ya Juni niliichana. Nikavuta. Asubuhi nikaona vipande sakafuni na sikuwa na hakika vimetoka wapi. Nilivipanga kimoja kimoja mezani, nikiwa nimepiga magoti, mpaka nikafika pale ulipoandika "ulikuwa wapi". Nikajaribu kujijibu. Nilijaribu kweli. Nilikumbuka jengo, nilikumbuka harufu ya grisi, halafu nikakumbuka Mrefu tayari analia. Katikati hamna kitu. Ni kama filamu iliyokatwa na kuunganishwa. Niliogopa, dada, na mimi nikiogopa nakasirika. Nilikuchukia wewe mwezi mzima. Nilimchukia huyo mwanamke kwa kuwa na simu.

Kisha nikaacha kuvuta. Usinipongeze. Niliacha kwa hasira, kukuonyesha kwamba sina tatizo na kwamba ile siku ingerudi ikinionyesha nikifunga kufuli. Wiki za mwanzo nilikuwa mnyama. Nililoa jasho kitandani, chakula hakikupita, nilimfokea mwenye nyumba kwa sababu alikohoa. Ndoto, ambazo sikuwa nimeziota kwa miaka mingi, zilikuja kwa kundi, kali, zenye rangi. Niliota Mjomba anafungua mlango wa lifti na anashangaa kwa nini sijaja kumzika. Niliamka nikalia kilio ambacho nilikuandikia mwaka jana kuwa nimelia. Nadhani ndiyo mara ya kwanza.

Ukungu ukaanza kuinuka. Nilianza kwenda dukani bila kurudi kuuliza nilichotumwa na tumbo langu mwenyewe. Nilianza kukumbuka mtu aliniambia nini jana. Na kila asubuhi nilikagua ile siku kama imerudi. Haikurudi. Yule daktari wako, ninayemchukia pia, alisema kweli. Kabati nililifungua mpaka nyuma, siku ile haimo.

Basi nikaenda. Mkuu wa mafundi alikuwa anakula mkate kwenye meza ya vipuri. Nikamwambia, "Kuhusu Mrefu. Nilisema nilifunga. Sijui kama nilifunga."

Akasema, "Unaumwa? Tulishamaliza hilo."

"Hamkumaliza. Nilikuwa nimevuta bangi. Sikumbuki chochote."

Aliacha kutafuna. Akainuka akafunga mlango. "Unajua unachojifanyia? Rudi shimoni ukafanye kazi. Mambo yametulia."

"Yametulia kwako," nikamwambia. "Yeye hashiki kijiko."

Hapo akanitukana, dada, matusi ambayo sitayaandika, na mimi nikamrudishia, tukapigiana kelele mpaka mafundi wote wakajaa mlangoni. Ndiyo iliyosaidia. Mambo yakishasikiwa na watu wengi vile hayafunikiki tena. Wamenifukuza na kuninyang'anya kibali cha ufundi. Kesi inaweza kuja. Mrefu wamekubali kumtibu, na wamempa kazi ya kupokea simu za watu waliokwama kwenye lifti.

Umepata ulichotaka. Sijui kama nakushukuru au bado nina hasira na wewe. Siku nyingine hivi, siku nyingine vile.

Mdogo wako


19 Oktoba

Mdogo wangu,

Mkasi niliusimamisha. Mama nilimsomea yote, pamoja na bangi, pamoja na mkono wa mwenzako, kwa sababu nimechoka kuwa ukuta kati yenu. Alisema, "Amechelewa." Halafu akasema, "Anakula?" Kwa hiyo jibu hilo la pili.

Usidhani hasira yangu imekwisha. Umesema kwa wakubwa. Umesema kwa mkuu wa mafundi, mbele ya mafundi wote, kwa makelele. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ulipokwenda nyumbani kwa Mrefu mwenyewe. Sijapaona. Kupigana na bosi ni rahisi kwako tangu utoto. Kwa mtu uliyemwumiza umekwenda?

Dada yako


24 Novemba

Dada,

Mwambie mama nakula. Nimepata kibarua cha kupanga mizigo kwenye ghala, nalala nikiwa hoi, usingizi unakuja wenyewe.

Nilikwenda. Mara ya kwanza mke wake alifungua mlango, akanitazama, akaufunga. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu akasema, bila kunisalimu, "Zamu yangu ya kazini imebadilishwa. Kila Jumanne anatakiwa hospitali kwenye mazoezi ya mkono, na hakuna wa kumpeleka." Akanipisha.

Sasa Jumanne ninampeleka. Namfunga vifungo vya shati, namshika kwenye ngazi kwa sababu akikosa kitu cha kushika kwa mkono wa kulia anayumba. Hanisemeshi. Wiki zote hizo, hata neno. Wahudumu wanadhani mimi ni kijana wa kukodiwa.

Juzi tukiwa kwenye benchi la kusubiri, nikamwambia, "Nieleze ile siku. Mimi sina. Unayo wewe peke yako."

Akauweka mkono wa kulia juu ya goti. Kisha akasema, "Nitakueleza mara moja tu. Ukisahau, shauri yako."

Nikamwambia sawa.

"Ulikuja umechelewa, unacheka, macho mekundu. Nikakuuliza, umefunga? Ukasema, nimefunga. Nikakuuliza tena, kwa sababu nilikuona ulivyo. Ukakasirika. Ukaniambia wewe umekuwa fundi mimi nikiwa bado naogopa ngazi. Watu walikuwa wanasikia. Nikaona aibu, nikapanda."

Dada, hapo nilitaka kuziba masikio. Maana hasira ile naijua. Ni ile ile niliyokuandikia wewe.

Nikamwuliza, "Na lifti ilipoondoka, nilikuwa wapi?"

"Mlangoni. Umeinua kichwa, unanisimulia kichekesho. Hukukimaliza."

Nesi akamwita. Alinyoosha mkono wa kushoto nimwinue, nikamwinua, akaingia. Nilibaki kwenye benchi nikitafuta kichwani ni kichekesho gani. Sikijui. Yeye anakijua mwanzo wake, na mwisho wake hakuna anayeujua.

Mdogo wako